NILIINGIA MWANAFUNZI WA FILDI, LEO NALINDA PESA ZA WATU

Ukiwa msichana wa Mbagala ukasema kazi yako ni kutengeneza programu za kompyuta, jiandae kwa maswali mawili. La kwanza: simu yangu imeingia maji, utaiweza? La pili: wewe si ndio uko kwenye mambo ya pesa za simu, basi nirudishie elfu ishirini yangu niliyoituma kwenye namba siyo! Ukijibu kwamba yote mawili siyo kazi yako, mtu anakutazama juu mpaka chini, anaguna, anaondoka zake. Kimoyomoyo anajiuliza miaka yote ile chuoni huyu alikuwa anasoma nini.

Siwalaumu. Hata mimi siku naanza sikuwa najua vizuri naingia wapi. Na kwa kuwa kila mwaka msimu wa fildi ukikaribia vijana wananifuata mpaka nyumbani kuniuliza njia, nimeona nieleze yote mara moja, na mshahara wangu nitautaja pia, maana najua ndio wengi mnasubiri.

Tuanze na kazi yenyewe. Wengi wakisikia pesa za simu wanamfikiria wakala aliyekaa kwenye kibanda chini ya mwamvuli, na nyuma yake kampuni ya simu. Hao ndio wanaoonekana. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia kwetu 2008, wengine wakafuata. Wenye umri wanakumbuka kabla ya hapo pesa ya mama kijijini ilikuwa inatiwa kwenye bahasha, anapewa kondakta wa basi, halafu wewe unabaki unaomba kondakta asione njaa njiani. Baadaye mitandao ikaanza kusalimiana. Mwaka 2014 baadhi ya kampuni zikakubaliana mteja wa huku atume moja kwa moja kwa mteja wa kule, na 2016 M-Pesa nayo ikaingia kwenye mpango.

Sasa katikati ya kampuni za simu, benki, na yule mwenye shule, duka la dawa au saccos anayetaka alipwe kwa simu, kuna kampuni ndogo ndogo ambazo wewe mlipaji huzijui hata majina. Kazi yao ni kupokea huku, kufikisha kule, na kuandika kila hatua. Haziruhusiwi kujiendea tu kama genge la nyanya. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inataka leseni ya Benki Kuu. Mimi niko kwenye mojawapo. Ofisi iko ghorofa ya tatu, chini kuna duka la vipuri vya magari, na barabarani hakuna hata kibao. Ukipita hapo huwezi kujua kwamba ada ya mwanao imepitia juu ya kichwa chako.

BARUA KUMI NA SABA

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, 2021, tukaambiwa kila mtu ajitafutie pa kufanyia fildi wiki nane. Nilibeba barua kumi na saba kwenye bahasha ya kaki, nikatembea Posta, Upanga, Kijitonyama, Mikocheni, viatu vikaisha upande mmoja. Kila mapokezi wimbo ni ule ule, acha hapo dada, tutakupigia. Mpaka leo hawajapiga, nadhani vocha imewaishia.

Wawili tu ndio walijibu. Mmoja alitaka nikae mapokezi, eti nina sura ya kupokea wageni. Wa pili ndio hawa wa ghorofa ya tatu. Walisema wazi posho hakuna, chakula hakuna, kiti kipo. Mama yangu ni mama lishe pale Rangi Tatu. Siku nilipomweleza alinyamaza kidogo, akaenda kwenye kibubu, akaanza kunihesabia nauli ya wiki ya kwanza kwa sarafu. Alifanya hivyo kila Jumapili jioni kwa wiki zote nane, na hakuwahi kuniuliza itarudi lini.

Kama unakumbuka, Julai ile ya 2021 ndio ilianza tozo ya miamala. Kwako wewe ilikuwa ni kelele za mtaani na maumivu ya mfukoni, kwetu ofisini ilikuwa ni jedwali refu. Kila ngazi ya pesa na tozo yake, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000, na hapo bado ada ya kawaida. Wakubwa walikesha wanarekebisha mfumo. Mimi nilipewa kalamu, karatasi na mashine ya hesabu: kaa pale, piga kila ngazi kwa mkono, halafu tuangalie kompyuta inasemaje.

Nikaona dharau hiyo! Nimesoma miaka miwili natengeneza programu, leo napewa kazi ya karani. Lakini siku ya pili nikaanza kuona utamu wake. Katikati ya ngazi kompyuta haikosei. Inakosea pembeni, pale pesa inapokuwa ndiyo ya mwisho ya ngazi hii, au ikizidi shilingi moja tu ikawa ya ngazi inayofuata. Nilikuta sehemu mbili kompyuta inatoza ngazi isiyo yake. Wakarekebisha kabla mteja hajaonja. Septemba serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30, tukaanza upya na karatasi zetu. Nikarudi chuoni, na kwa mara ya kwanza nikawa naelewa kwa nini mwalimu wa somo la majaribio ya programu alikuwa mkali vile.

MIEZI MITANO YA KUKAA BARAZANI

Shahada nikaipata 2022, picha za joho tukapiga, pilau likaliwa. Halafu kimya. Miezi mitano nilikuwa namsaidia mama kuosha masufuria, na kila mpita njia anauliza kwa upole wenye sindano ndani, bado hujapata mwanangu? Wenzangu wengine walijiandikisha kwa Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, ambao wana mpango wa kuwaunganisha wahitimu na mafunzo tarajali. Nami nilikuwa na fomu mkononi siku ile simu ilipolia. Ni wale wale wa ghorofa ya tatu. Walinikumbuka kwa zile karatasi za tozo. Wakanipa utarajali wa miezi sita, posho laki mbili kwa mwezi, na hakuna ahadi ya kuajiriwa. Tulikuwa watarajali watatu, na bosi alitutamkia siku ya kwanza kwamba nafasi ya ajira ni moja.

Huyo bosi nimweleze kidogo. Ni mama mtu mzima, amefanya kazi benki miaka mingi, hajui kuandika hata mstari mmoja wa programu wala haoni aibu kusema hivyo. Lakini leja anaijua kama mama yangu anavyojua chumvi. Ndiye aliyetufundisha kwamba kila shilingi inaandikwa mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, na pande mbili lazima zilingane. Na kwamba kwenye leja hakuna kufuta. Ukikuta kosa unaandika mstari mwingine wa kulirudisha nyuma, na ule wa kwanza unabaki pale pale ukitazamwa na wote. Sisi vijana tumezoea kubonyeza kufuta na maisha yanaendelea. Wiki mbili za kwanza alikuwa anatuuliza swali hilo hilo kila asubuhi mpaka tukalishika.

Mambo mengine niliyojifunza pale yatakuchekesha. Ile menyu ya nyota na reli unayobonyeza kwenye kitochi, ukurasa mmoja unabeba herufi 182 tu, nafasi zikiwemo. Sasa Kiswahili chetu na maneno yake marefu! Nilikaa siku nzima natafuta namna ya kumwambia mteja athibitishe malipo, nionyeshe jina la shule, jina la mtoto, kiasi, ada, na nimwombe namba ya siri, vyote humo humo. Nikimaliza nampelekea mama jioni ajaribu kwenye kitochi chake. Akisita sekunde mbili najua sentensi mbovu. Wenzangu ofisini wana simu za bei mbaya, wanajaribia huko, halafu wanashangaa kwa nini wateja wanakwama.

Na sehemu za shilingi je? Kompyuta ukiiachia ijumlishe sehemu kumi kwa namna yake ya kawaida, 0.1 na 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Siyo utani, jaribu. Kwenye mchezo wa mpira wa kompyuta hakuna atakayejali, kwenye pesa ndio mwanzo wa vitabu kutolingana. Kwa hiyo pesa tunaihesabu kwa senti, namba nzima. Hapo hapo linakuja swali jingine. Kamisheni ya shilingi elfu moja wagawane watu watatu, kila mmoja 333.33, ile senti moja inayobaki ya nani? Lazima iamuliwe na iandikwe kabla. Tulibishana juu ya senti moja nusu saa nzima, nikaona hapa nimefika.

Lakini somo kubwa kuliko yote nilieleze kwa mfano wa dukani. Umemtuma mtoto sukari kilo moja, umempa karatasi. Dakika kumi, hajarudi. Je, amefika? Amepotea? Anacheza gololi? Hujui. Ukimtuma mtoto wa pili na karatasi nyingine unaweza ukaletewa kilo mbili na deni la mbili. Ndivyo kompyuta zinavyotumana pesa. Yetu inaomba, ya upande wa pili haijibu, mtandao umekwama. Pesa imekatwa au haijakatwa? Dawa yake ni kwamba karatasi iwe na namba. Mtume hata watoto watano, mwenye duka akiiona namba ile ile anasema, huyu nimeshampa, na hatoi tena. Kijana asiyelielewa hili, hata awe bingwa wa kuandika programu kiasi gani, sisi hatumpi ufunguo.

YULE BABA WA TANDIKA

Mwezi wa nne wa utarajali nilikuwa kwenye kazi isiyopendwa ofisini, kulinganisha vitabu. Kila asubuhi unachukua orodha yetu ya jana na orodha ya upande wa kampuni ya simu, unaziweka pamoja, kila muamala wa huku utafute ndugu yake wa kule. Siku hiyo nikakuta shilingi 65,000. Kwao imekatwa kwa mteja. Kwetu imeandikwa imeshindikana. Mteja hana pesa, shule haina pesa.

Nikamuuliza kaka mmoja wa siku nyingi. Akasema hizo za kawaida, mdogo wangu, zitupe kwenye akaunti ya kusubirishia, mwisho wa mwezi zitashughulikiwa. Alikuwa hasemi uongo, ndivyo ilivyokuwa ikifanyika. Lakini 65,000 nyumbani kwetu ni mtaji wa siku mbili za mchele, maharage na mkaa. Nikarudi nyuma wiki tatu. Nikazikuta kumi na moja, jumla shilingi 412,500. Nikaziangalia saa zake. Karibu zote jioni, saa kumi na moja kuelekea saa moja, watu wanapotoka kazini na kila mtu anatuma.

Nilikaa nazo siku nne. Kumbe mfumo wetu ulikuwa unasubiri jibu sekunde thelathini, likichelewa unaandika imeshindikana na kufunga mlango. Jioni kukiwa na msongamano jibu linakuja sekunde ya thelathini na tano, ya arobaini, linasema pesa imekatwa, linakuta mlango umefungwa. Aliyeandika sehemu hiyo alishaondoka kampuni zamani, hata namba yake haipatikani. Tukabadilisha. Jibu likichelewa sasa hatuandiki imeshindikana, tunaandika haijulikani, na kompyuta inarudi kuuliza tena na tena mpaka iambiwe. Ni neno moja limeongezwa kwenye mfumo, lakini lilihitaji kikao cha saa mbili, maana kukubali kuandika haijulikani kwenye mambo ya pesa kunawauma wakubwa.

Bosi akaniambia, pesa tunazirudisha, na wewe uliyezipata ndiye utakayewapigia simu. Nikapiga zote kumi na moja. Wengine walidhani ni tapeli, wakanikatia. Mmoja alinitukana vizuri tu. Ile ya 65,000 ilikuwa ya baba mmoja wa Tandika, fundi seremala. Alilipa ada, akapata ujumbe wa kukatwa, akaupeleka shule. Mhasibu akamwambia meseji za kughushi siku hizi zimejaa mjini, sisi hatujaona kitu. Mtoto akarudishwa nyumbani mtihani ukiwa keshokutwa. Yule baba hakunigombeza. Aliniambia, binti, pesa ningekopa, lakini niliitwa mwongo mbele ya mwanangu. Halafu akauliza kama naweza kumpigia huyo mhasibu. Nilimpigia. Na barua yenye nembo ya kampuni tukaandika, nikaomba ruhusa nikaipeleka shuleni mwenyewe kwa miguu yangu.

Sijui kama mtoto aliona. Natumaini alionyeshwa.

MSHAHARA HUU HAPA

Utarajali ulipokwisha tuliitwa mmoja mmoja. Katika wenzangu wawili kuna mmoja, na nasema kwa kumaanisha, ananizidi sana kuandika programu. Kazi ya siku tatu kwangu yeye anaimaliza kabla ya chai. Nafasi nikapewa mimi. Niliuliza kwa nini, maana roho ilinisuta kidogo kwa ajili ya mwenzangu. Bosi akasema kasi ataifundishwa mtu yeyote, lakini yeye anatafuta mtu wa kumwachia ofisi Jumamosi alale usingizi. Mwenzangu naye hakukaa sana, sasa yuko kampuni ya michezo ya simu, anapata zaidi yangu na tunasalimiana vizuri.

Mkataba ulisema shilingi laki tisa kwa mwezi, miezi sita ya majaribio. Mtaani habari ilifika mapema kuliko mimi, na ilipofika ilikuwa imeshakuwa milioni tatu! Mjomba wa Kilwa akapiga simu ya pongezi yenye bati ndani yake. Basi hesabu hii, kwa viwango vilivyokuwepo mwaka huo wa 2023 nilipoajiriwa. NSSF asilimia kumi, 90,000. Kodi ya mshahara 80,500. Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara, 135,000, maana nilisoma kwa mkopo na bodi haisahau. Ikabaki 594,500. Toa nauli, chakula, vocha, ile bati ya mjomba. Kijana unayeingia kwenye fani hii kwa sababu umeona picha ya mtu ana kompyuta mgongoni na gari nyuma yake, piga hesabu hii kwanza. Inapanda, sikatai, na baada ya miaka miwili mitatu mtu mzuri hutafutwa. Ila mwezi wa kwanza ni huo.

Pesa ya kwanza nilimpelekea mama. Akaihesabu, akatoa kiasi fulani akanirudishia. Nikauliza ya nini. Akasema hiyo nauli ya wiki ya kwanza, kibubu hakijui mambo ya mshahara.

JIRANI ALIYENUNA

Sasa nikwambie jambo ambalo chuoni hawakufundishi. Ukishajulikana uko kwenye pesa za watu, watu wanaanza kuja na shida za aina yake.

Jirani yetu mmoja, mama wa heshima zake, tumekua tunakula kwake, alikuja usiku na namba ya simu kwenye kikaratasi. Ya mumewe. Akaniambia kwa sauti ya chini, mwanangu, niangalizie tu huyu baba anamtumia nani pesa kila Ijumaa. Nitajie jina basi, sitasema nimelitoa wapi.

We msomaji ungefanyaje? Mama huyu amenibeba mgongoni. Na machozi yalikuwa yanamlengalenga, siyo umbeya. Nikamwambia shikamoo mama, hilo siwezi. Kwanza ya mumewe haipiti kwetu yote, sisi tunaona malipo ya shule na maduka tu. Lakini hata ingekuwa inapita ningekataa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuna mkataba niliousaini, na kuna kompyuta yenyewe. Kila nikifungua taarifa ya mteja jina langu linaandikwa, saa na dakika, na mtu mwingine hupitia orodha hiyo kuuliza ulifungua kwa sababu gani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakunja kikaratasi chake. Tangu siku hiyo nikimwamkia ananiitikia kwa pembe ya mdomo, na kwa mama yangu hajaja tena kusuka ukili.

Wa pili sikumwonea huruma. Rafiki wa binamu yangu alinialika soda, akaagiza na chipsi kuku kabisa, nikajua hapa kuna dili. Alitaka orodha, majina na namba za simu za watu wanaolipa ada kubwa kubwa na tarehe walizolipa. Laki tano taslimu, hakuna anayejua. Ni karibu ya mshahara wangu wote mkononi. Kila Mtanzania anaijua ile meseji ya "ile pesa itume kwenye namba hii". Nyingi zinatumwa kwa kubahatisha. Hebu fikiria aliyeituma angejua jina lako, jina la mwanao, shule, na kwamba ada yako ya muhula wa pili inatakiwa wiki ijayo. Ungetuma. Hata mimi ningetuma. Niliacha chipsi zake mezani, kesho yake asubuhi nikamweleza bosi. Hakunipongeza. Aliniuliza tu kama yule kijana alitaja jina la mfanyakazi mwingine yeyote wa kwetu, halafu akafunga mlango akapiga simu.

Ndio maana usaili wa kwetu una maswali ambayo wengi hawayatarajii. Wanakuja wamekariri majina ya lugha za programu, wanajua kila toleo jipya. Sisi tunamwambia: mteja anasema amekatwa mara mbili, kompyuta inaonyesha mara moja, unaanzia wapi? Anayesema mteja kakosea amejiondoa mwenyewe. Anayesema narudisha pesa haraka haraka naye tunamtilia shaka. Tunampenda anayeuliza, kwa upande wa kampuni ya simu inaonyesha ngapi?

Na tunawasimulia kisa cha Knight Capital ya Marekani. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni hiyo ya soko la hisa ilikuwa imeweka programu mpya kwenye seva zake nane. Saba ziliwekewa, ya nane ikasahaulika na programu yake ya zamani. Soko lilipofunguliwa ile moja ikaanza kununua na kuuza bila mpango, na kwa dakika 45 hivi kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Kampuni yenyewe haikuweza tena kusimama peke yake. Hakuna aliyeiba hata senti. Ndiyo maana kwetu hakuna kubadilisha kitu Ijumaa, wala siku za mishahara, na anayeweka programu mpya anasomewa orodha kwa sauti na mwenzake kama rubani. Wageni wanatucheka. Wiki ya pili hawacheki tena.

Wanaonifuata nyumbani huwa wanaishia kwenye swali moja: dada, nikuletee barua lini? Leta mapema, Machi au Aprili, msisubiri Juni mnaanza kukimbizana. Usiandike kwamba unajua kila kitu. Andika kitu kimoja ulichokitengeneza kikatumiwa na mtu asiye rafiki yako, hata kama ni daftari la simu la kumhesabia bibi yako vikoba, halafu ueleze kilipoharibika ulifanya nini. Kina dada msiogope, tuko wawili sasa kati ya watu tisa, na suala la nani achemshe chai mgeni akija tumeshalimaliza kwa kuweka zamu ukutani, bosi naye yumo.

Posho ya fildi bado hakuna, nisiwadanganye. Nimeomba mara mbili kwenye kikao walau nauli ilipwe. Mara ya kwanza waliandika kwenye kumbukumbu za kikao. Mara ya pili wameniambia nilete hesabu. Hesabu nimeiandaa, wanafunzi wanne, wiki nane, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na Jumatatu naiwasilisha.